Una Mtu Pale? Niliyojifunza Tabora Kuhusu Msemo Mmoja wa Kiingereza

Miongoni mwa misemo ya Kiingereza niliyoifundisha kwa miaka mingi katika shule za sekondari za Mkoa wa Tabora, hakuna ulioeleweka haraka darasani kuliko "pull strings". Misemo inayotaja theluji, meli au mchezo wa kriketi huhitaji maelezo marefu, kwa kuwa mtoto aliyekulia Sikonge au Kaliua hajawahi kuviona vitu hivyo. Lakini ukimwambia kwamba msemo huu unamhusu mtu anayetumia kwa faragha jina lake, cheo chake au watu anaofahamiana nao ili jambo fulani liende anavyotaka, atakukatiza kabla hujamaliza na kukwambia, "Mwalimu, huyo ni mtu mwenye mtu." Kwetu swali lenyewe ni fupi. Kijana akisema anakwenda kutafuta kibarua, nafasi ya chuo au uhamisho, wa kwanza kukutana naye njiani atamwuliza, "Una mtu pale?"

Nyuzi zinazotajwa katika msemo huo ni za kikaragosi, yule mwanasesere wa jukwaani ambaye mikono, miguu na kichwa chake vimefungwa nyuzi, watazamaji wakimwona anacheza na kuinama huku anayemchezesha amejificha juu wasikoweza kumwona. Siasa za Marekani za karne ya 19 zilikuwa na neno la jirani, "wire-pullers", waliloitwa watu waliopanga uteuzi na kura za vyama bila wao wenyewe kupanda jukwaani. Msemo huu basi umebeba mambo mawili kwa pamoja, nguvu na maficho, na mwanafunzi anayelisahau la pili huutumia vibaya. Mkuu wa mkoa anayetoa amri hadharani havuti nyuzi zozote, kwa sababu anatumia mamlaka aliyopewa na kila mtu anajua amri imetoka wapi. Mzazi anayeiandikia bodi ya shule na kuweka sahihi yake chini ya barua naye havuti nyuzi. Msemo huanza kufaa pale neno linapopita pembeni ya utaratibu, kwa simu ya jioni au kwa kimemo kilichokunjwa, na wanaojua kwamba limepita ni wachache.

Wanafunzi wengi, walipotakiwa kuutafsiri, waliandika "kuvuta kamba", na hapo nilikuwa nikiwasimamisha kwa muda. Kuvuta kamba ni mchezo wa uwanjani: timu mbili zinaonekana, mstari umechorwa chini, mwamuzi ana filimbi, na anayeshindwa anajua ameshindwa na nani. Msemo wa Kiingereza unaeleza hali iliyo kinyume cha hiyo, ambamo upande mmoja haujui hata kama kuna kamba.

Kuna tofauti nyingine, ndogo kwa macho lakini kubwa kwa maana, ambayo huwapotezea watahiniwa alama. Ukisema mtu "pulled some strings", unasema alitumia ushawishi wake kwa jambo moja, mara nyingi kwa ajili ya kumsaidia mwingine, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Ukiongeza neno dogo "the" na kusema mtu fulani "is pulling the strings", umesema jambo zito zaidi: kwamba yeye ndiye mwamuzi wa kila kitu, na mwenyekiti anayeonekana mbele ni chombo chake. Kiswahili cha siasa za ukombozi kilikuwa na jina la huyo wa mbele, nalo ni kibaraka. Ama "no strings attached", ambayo wanafunzi hupenda kuichanganya na hizo mbili, yenyewe inahusu kitu kinachotolewa bila masharti, na ninaipita haraka.

Jambo ambalo vitabu vya misemo hulieleza kwa kusitasita ni kiasi cha aibu kilichomo. Waingereza huutumia msemo huu kwa wepesi. Mtu humwambia rafiki yake kwamba ataona kama anaweza "pull a few strings", naye rafiki hushukuru, na hakuna anayeona kwamba dhambi imetendeka. Sisi nasi tuna maneno mepesi na maneno makali kwa tendo hilo hilo. Aliyesaidiwa atasema ameshikwa mkono. Aliyekosa atasema mwenzake amebebwa, na akiwa na hasira zaidi atasema huo ni undugunaizesheni. Katika miaka yote niliyofundisha sikuwahi kuona kitabu cha mazoezi kilichomtaja huyu wa mwisho. Sentensi za mifano humtaja anayevuta nyuzi na anayefaidika, zikakomea hapo. Mtu wa tatu, aliyekuwa kwenye foleni, hayumo, na ni kwa ajili yake ninaandika haya.

Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja iliyokuwa ikinunua mazao mkoani kwetu ilitangaza nafasi chache za makarani wa msimu, watu wa kukaa mizanini na kuandika uzito wa mzigo wa kila mkulima. Wawili kati ya walioomba walikuwa wanafunzi wangu wa zamani. Mmoja alikuwa kijana wa Ng'ambo, mchangamfu, mwenye uwezo wa kati. Wa pili alikuwa binti wa Isevya ambaye baba yake alikuwa fundi baiskeli; huyu alikuwa na mwandiko ambao ungeweza kuubandika ukutani, na katika hisabati hakuna mvulana wa darasa lake aliyemfikia. Wote wawili walifanya usaili siku moja, wakapewa jaribio la hesabu, na wote wakaambiwa wasubiri. Kijana ndiye aliyeitwa. Alikuja kunisalimia na kunieleza mwenyewe, bila kuulizwa na bila majivuno yoyote, kwamba mjomba wake alikuwa amepiga simu.

Sikuwa na la kumlaumu. Alikuwa na umri wa kuhitaji kazi, nyumbani kulikuwa na wadogo zake, na simu haikupigwa na yeye. Nilichokiona baadaye ni kwamba uzi ule haukukatika alipopata kazi. Katikati ya msimu alianza kuletewa salamu: mzigo wa fulani utangulizwe, mkulima fulani asisubiri juani. Hapakuwa na fedha iliyotajwa wala kitisho, ila kila salamu ilipita kwa mjomba, na kijana hakuwa na mahali pa kusimama akasema hapana, kwa kuwa kiti chenyewe alichokalia kilikuwa ni cha mjomba. Alimaliza msimu na hakuomba tena. Aliniambia kwamba kazi yenyewe aliipenda, ila hakuwahi kuiona kuwa yake.

Hata hivyo, aliyenifundisha zaidi ni binti. Nilikutana naye sokoni baada ya matokeo, nikamwuliza habari za kazi, naye akanijibu kwa utulivu kwamba hesabu zilimshinda. Aliniuliza kama nilikuwa nimemwonea huruma miaka ile nilipoandika kwenye ripoti yake kwamba ana akili nzuri. Hakuna aliyemwambia habari ya simu. Alikuwa ameambiwa tu kwamba hakufikia kiwango, akayachukua maneno hayo kama yalivyo, na akayaamini kuliko alivyowaamini walimu wake wote. Nafasi nyingine zilipotangazwa mjini, hakuomba.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hasara ya mtu wa tatu haiishii kwenye nafasi aliyoikosa. Nafasi hupotea, na nyingine inaweza kupatikana. Lakini aliyepitwa kwa siri hupewa pia habari ya uongo juu yake mwenyewe, na kwa kuwa hajui kwamba ni uongo, huondoka nayo nyumbani na kuanza kupanga maisha yake kwa kuifuata. Mtu anayeonewa waziwazi hukasirika, na hasira humsaidia kusimama. Huyu hana wa kumkasirikia zaidi ya nafsi yake. Sikuwa na ruhusa ya kutoa siri ya yule kijana, ila nilimwomba binti aje nyumbani na daftari, tukapiga pamoja hesabu za aina ile ile alizopewa, za uzito na bei na makato, akazimaliza zote kabla chai haijapoa, kisha akakaa kimya akiitazama karatasi. Baadaye aliomba nafasi katika chuo cha ualimu na akachaguliwa. Sisemi kwamba ni hesabu za siku ile zilizomrudisha, kwa maana mama yake naye alimsihi sana.

Wapo watakaosema kwamba maisha ya Kiafrika ni ya watu kupitia kwa watu, na kwamba kulaumu simu ya mjomba ni kulaumu undugu. Nimelisikia neno hilo mara nyingi, na nalichukulia kwa uzito, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ila tunaye mtu aliyeheshimika kwa kazi hiyo hiyo ya kumsemea mwingine, naye ni mshenga. Kijana anayetaka kuoa haendi mwenyewe kujinadi kwa wazazi wa binti. Humtuma mtu mzima mwenye sifa njema, anayejua kuongea na kunyamaza. Mshenga anatumia ushawishi, tena mwingi. Lakini anabisha hodi mchana, anajitambulisha, anasema katumwa na ukoo upi, na upande wa pili unapata muda wa kuuliza habari za kijana huyo kwa majirani. Akiwa amekuja mshenga mwingine kwa binti huyo huyo, wazee wanawajua wote wawili. Heshima ya mshenga inakaa pia rehani: kijana akiwa mlevi, ni mshenga atakayeulizwa. Undugu tulioachiwa na wazee wetu ulikuwa na watu wa namna hii, na sioni kwa nini tuutumie kuifunika simu ambayo mwenye kuipiga hataulizwa chochote.

Mahali nilipoiona nguvu ya neno la mtu ikifanya kazi vizuri kuliko pote ni katika mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi cha ushirika. Mimi ni mwanachama kwa sababu ya shamba tulilorithi kwa baba huko Urambo, na ingawa kazi yangu ilikuwa chaki, wakati wa mikutano nilikuwa nikipanda gari na kwenda kukaa kwenye benchi kama wengine. Kwa asiyejua kilimo cha tumbaku, lazima nieleze kwanza maana ya makisio. Kabla ya msimu, mnunuzi hukubaliana na chama juu ya kilo atakazonunua, kisha kilo hizo hugawanywa kwa wanachama, na fungu la kila mmoja ndilo linaloitwa makisio yake. Makisio ndiyo yanayoamua mtu atakopeshwa mbolea kiasi gani na atauza tumbaku kiasi gani. Jumla haiongezeki kwa sababu fulani ana watoto wengi au fulani ni rafiki wa katibu, na kwa hiyo kilo yoyote inayoongezwa kwa mmoja imetoka kwa mwingine. Ukitaka kujua nyuzi zinavutwaje mashambani, tazama orodha ya makisio.

Mwaka ninaousimulia, minong'ono ilikuwa imezagaa kwamba orodha iliyopitishwa na kamati haikuwa ile iliyofika kwenye karatasi ya mwisho. Wajane wawili walikuwa wamepunguziwa, na hawakujua waanzie wapi kulalamika. Mkutano ulifunguliwa kwa sala, taarifa ya mapato na matumizi ikasomwa, na ilipofika ajenda ya makisio mwenyekiti akasema kwamba orodha imebandikwa ukutani, tuendelee. Hapo akasimama mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kujenga mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto. Hakuwa na cheo katika chama wala kijijini. Alivua kofia na kusema, "Mwenyekiti, naomba orodha isomwe. Jina na kilo, jina na kilo, mpaka mwisho."

Mwenyekiti alisema muda ni mfinyu. Mzee hakukaa na hakupandisha sauti. Akarudia ombi lake kwa maneno yale yale, na ukumbi mzima ukanyamaza kumngojea mwenyekiti. Orodha ikasomwa. Kila ilipofikia jina ambalo kilo zake zilikuwa zimepanda ghafla, mzee aliuliza swali moja tu, "Huyu ana mabani mangapi?" na mwenye jina alilazimika kujibu mbele ya watu ambao wote walikuwa wamepita kwake. Mtu mwenye bani moja dogo hawezi kukausha mzigo wa mabani matatu, na aliyeyajenga mabani hayo ndiye aliyekuwa anauliza. Hakumtuhumu mtu yeyote. Hakulitaja jina la katibu wala la mjumbe yeyote. Kabla orodha haijafika nusu, mwenyekiti mwenyewe alisimama na kupendekeza kwamba kamati ikae upya siku hiyo hiyo, na wanachama wawili wasio wajumbe waingie kusikiliza. Kilo za wajane zilirudi.

Nimejiuliza sana kwa nini alisikilizwa yeye, wakati wapo waliosema kwa ukali zaidi miaka iliyotangulia na hawakusikilizwa. Sababu ya kwanza ni ujuzi wake: alijua jambo ambalo ofisi nzima haikulijua, yaani uwezo halisi wa kila kaya kukausha jani, na alilijua kwa mikono yake. Sababu ya pili niliipata kwa wanachama wa zamani, walionieleza kwamba msimu mmoja makisio yake mwenyewe yalipokatwa, wakubwa walimwita pembeni wakataka kumrudishia kimyakimya, naye akakataa, akasema kama ni makosa yasahihishwe kwenye mkutano. Waingereza wana msemo wao kwa mtu wa namna hii, husema neno lake "carries weight", na Kiswahili kinasema hivyo hivyo, kwamba neno lake lina uzito. Nilipoanza kuwafundisha wanafunzi misemo hii miwili pamoja, wakiwa na kisa hiki mbele yao, hawakuichanganya tena.

Mji wa Tabora wenyewe una mfano mkubwa zaidi wa namna hiyo, na huwa nasikitika kwamba vijana wengi hupita barabara zetu za miembe bila kuujua. Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu hapa, katika mji ambao Julius Nyerere aliufahamu vizuri, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa shule ya serikali ya Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, na baada ya Makerere alirudi kufundisha katika shule ya St. Mary's. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeandaa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wenye masharti ya kuchukiza: mpiga kura alitakiwa kuwa na kiwango fulani cha kipato au elimu, au cheo kinachotambuliwa, na alilazimika kuchagua watu watatu kwa mpigo, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wameazimia kwamba chama kisusie. Nyerere alitaka kishiriki, kwa hoja kwamba kususia kungekiachia viti chama cha United Tanganyika Party, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kuungwa mkono na Gavana Edward Twining.

Alikuwa na jina, alikuwa rais wa chama, na angeweza kujaribu kuwapitia wajumbe mmoja mmoja gizani. Historia inamkumbuka kwa kusimama ukumbini mbele ya watu waliokuwa na hasira na kujenga hoja mpaka wengi wakakubali. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitenga na kuanzisha chama chake cha African National Congress. Uamuzi ule ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara, na katika uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea wa TANU na wale waliopata uungaji mkono wake walipata ushindi mkubwa. Ninapokisimulia kisa hiki darasani, huwa nakaa zaidi kwa Mtemvu kuliko wanafunzi wanavyotarajia. Alishindwa, lakini alishindwa na hoja aliyoisikia kwa masikio yake, na akaweza kuipinga kwa jina lake na kwenda kuanzisha njia nyingine. Binti wa Isevya hakupewa hata hilo.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba dhidi ya Rushwa, na kifungu chake cha 18 kinahusu kufanya biashara ya ushawishi, yaani mtu kuuza au kununua uwezo wa kumshawishi mwenye madaraka. Tanzania nayo, katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, imelifanya jambo hilo kuwa kosa. Kwa hiyo ninawaonya wanafunzi kwamba bahasha ikipita, msemo wa nyuzi haufai tena, kwa sababu unalipaka sukari jambo ambalo lina jina lake, nalo ni rushwa. Msemo unabaki kwa lile eneo pana ambamo hakuna aliyelipwa, kuna kufahamiana tu, na shukrani huja baadaye kwa ndoo ya asali ya Sikonge au gunia la matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Ni eneo gumu, kwa kuwa watu wema wamejaa humo, na kila mmoja wao anaamini kwamba amemsaidia mtoto wa watu.

Siku hizi maombi ya kazi nyingi za serikali hupita kwenye mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, na vijana huingia kwenye vibanda vya intaneti na vyeti vyao kwenye bahasha. Nimefurahi kuona hivyo. Lakini nikiwa nimekaa kwenye benchi la kibanda kimoja nikisubiri kuchapishiwa karatasi, nilimsikia kijana akimwuliza mwenzake, kabla hata hajabonyeza kitufe cha kutuma, "Una mtu?" Mfumo unaweza kubadilika kwa mwaka mmoja, na swali likaendelea kuulizwa kwa kizazi kizima, kwa kuwa aliyelirithi alilirithi pamoja na sababu zake.

Mimi nami huulizwa. Mwalimu aliyekaa mkoani muda mrefu huwa na watu kila mahali: waliosoma naye, waliofundishwa naye, waliomwoza binti zao. Mwaka juzi alikuja mama mmoja kutoka upande wa Uyui, akiwa na binti aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa, ambaye kila asubuhi alipita sehemu ndefu ya pori peke yake kabla hakujapambazuka vizuri. Alitaka binti ahamie shule yenye bweni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mama, karibu ukae."

"Mwalimu, nimeambiwa ulisoma na mkuu wa shule ile. Mpigie simu tu. Nikitoka hapa najua limekwisha."

Nilimwambia nitaandika barua, kwa Kiswahili, na kwamba ataisoma yeye kwanza kabla sijaifunga. Hakupendezwa, na nilimwelewa, kwa maana barua kwake ilikuwa na maana ya kukataliwa kwa adabu. Tukaiandika pamoja kwenye meza ya nje. Tuliweka umbali, tukaweka saa anayotoka nyumbani, tukaweka alama zake za mihula yote, na mwisho nikaweka jina langu na maelezo kwamba nilisoma na mkuu wa shule, ili mtu yeyote atakayeishika barua hiyo aijue habari hiyo kama ninavyoijua mimi. Nilimwomba mkuu jambo moja tu: kama ipo orodha ya wanaosubiri, mama huyu aambiwe binti yake ni wa ngapi, na kwa kigezo gani.

Jibu lilikuja baada ya muda. Bweni lilikuwa limejaa, waliokuwa wakisubiri walikuwa watano, na mkuu alieleza kwamba wasichana wanaotoka mbali zaidi hutangulizwa. Kwa kigezo hicho binti alikuwa wa pili. Mama alikuja na barua hiyo mkononi, akanionyesha mstari wenye namba kana kwamba sikuwa nimeuona, kisha akataka kujua wa kwanza anatoka kijiji gani. Nilipomtajia, alikaa akifikiri, akasema kijiji hicho ni mbali kweli, hata yeye asingemtanguliza mwanawe mbele ya yule. Aliuliza kama angeweza kwenda kumtafuta mama wa msichana huyo, ili wakati wanasubiri, wawapangie mabinti zao chumba cha pamoja karibu na shule ya kutwa na kugawana kodi. Nilimwandikia jina la kijiji na la mwenyekiti wa kitongoji kwenye karatasi, naye akaondoka na basi la saa nane.